Msimamizi wa Mtaro wa Saba

Siku ya kumzika, shemeji yake alisimama na karatasi akasoma kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mwenye subira, ambaye hakuwahi kugombana na jirani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu wa Nyakisasa. Nilikuwa nimelia tangu asubuhi, lakini hapo machozi yalikauka, nikakasirika. Nikamnong'oneza aliyekuwa kando yangu, "Huyo anayesomwa ni nani?" Akaniambia nifunge mdomo, huu ni msiba.

Nilifunga. Lakini maneno yale yamenikaa kooni. Yule mtu alikuwa mgomvi, na mimi nasema hivyo nikiwa miongoni mwa wachache waliompenda. Aligombana nami kila siku ya kazi, na siku zisizo za kazi alinifuata nyumbani ili tugombane. Kama kuna kitu alichokichukia duniani, ni mtu kuchagua mawe mazuri tu akayatia mfukoni, kisha akasema huu ndio mlima. Basi mimi, niliyeishia darasa la saba, nitamwandika pamoja na tope lake. Na humo ndani nitasema pia kosa nililomtendea, maana bila hilo habari yake haijakamilika.

Tulimwita Msimamizi kwa sababu ndiyo kazi tuliyomkuta nayo. Alikuwa mtu wa Nyarubungo, huko Biharamulo, akaja kwetu Ngara na watu waliokuwa wakitafuta madini. Wale watu waliondoka, yeye akabaki. Wakaja wengine, akawasimamia wachimba mitaro ya kutafutia madini, nao wakaondoka, akabaki tena. Kwa miaka mingi hakuwa na mtaro wala mchimbaji, na bado aliitikia jina hilo kama mtu aliyeko zamu.

Alikuwa na tabia ya kulamba mawe. Alikuwa akiokota jiwe njiani, analilamba upande mmoja, analigeuzageuza juani, na wakati huo wewe uliyekuwa ukimweleza habari ya mtoto wako mgonjwa umesimama na neno mdomoni. Mifuko ya koti lake la kanisani ilitoboka kwa mawe. Jumapili moja, wakati wa sadaka, aliingiza mkono akatoa kipande cha jiwe jeupe akakitumbukiza kapuni. Mzee wa kanisa akamrudishia mbele ya watu wote. Msimamizi hakuona haya hata kidogo. Alisema, "Afadhali, hicho nilikuwa nakitafuta tangu Jumanne."

Alikuwa mtu pekee ninayemjua aliyekwenda kutazama vyoo vinavyochimbwa. Akisikia fulani anachimba choo au kisima, hata kama ni mbali kule Kanazi, alikwenda kwa miguu na fimbo yake, akainama kwenye shimo akauliza, "Mmefika kwenye nini?" Hakunywa pombe, lakini alikaa vilabuni na wanywaji wa pombe ya ndizi mchana kutwa akisubiri mtu aseme kwamba jembe lake limegonga kitu cheusi. Wanywaji walimchoka. Mmoja alimwambia, "Mzee, nunua hata kibuyu kimoja, au basi lamba hiki kigae uende zako." Akakichukua kile kigae akakitazama. Akasema udongo wake umetoka bondeni kwa fulani, na ilikuwa kweli.

Siku ya harusi ya mtoto wa jirani, aliingia jikoni bila kukaribishwa, akatazama mafiga chini ya sufuria kubwa ya pilau, akamwambia mwenye jiko, "Mama, hili la kushoto lina maji ndani. Litapasuka." Yule mama akamfukuza kwa mwiko. Figa lilipasuka kabla wali haujaiva, na pilau ikamwagika. Badala ya kunyamaza kama mtu mwenye adabu, Msimamizi alisimama mlangoni akasema, "Si niliwaambia?" Tukala ndizi siku hiyo, na watu walimkasirikia yeye, si jiwe.

Baba yangu alipofariki, wachimba kaburi waligonga mwamba wakiwa bado kwenye kina cha kiuno. Msimamizi alifika, akasalimia kwa kichwa tu, akaingia kaburini akachukua udongo wa chini, akaufunga kwenye mfuko wa plastiki, akaandika namba. Kaburi la baba yangu! Siku hiyo nilimchukia kabisa. Kisha akavua koti, akaomba patasi na nyundo, akaupasua ule mwamba peke yake tangu saa nne hadi alasiri, akikataa kupokewa, kwa sababu, alisema, vijana watapiga mahali pasipostahili na ukuta utaanguka. Baba alilala mahali pake. Hayo yote mawili aliyafanya mtu mmoja, ndani ya shimo moja, na mimi mpaka leo sijui niweke lipi juu ya lipi.

Misemo alikuwa nayo, na mingi ilikuwa ya kutukera. Tukitaka kumaliza mapema alisema, "Mlima hauna haraka, haraka ni ya matumbo yenu." Tukiokota jiwe linalong'aa tukamkimbilia, alisema, "Kinachong'aa kimeshaonwa na wengine." Lakini ukiuliza jambo kwa nia ya kujua, alikuwa mwalimu kuliko walimu wangu wote. Alinieleza mlima wetu kwa sufuria ya ndizi. Chini kabisa, alisema, kuna itale, lile jiwe gumu la punje punje, nalo zamani sana lilikuwa la moto kama jiko. Mvuke wake ukapanda, ukakutana na miamba ya juu kama mvuke unavyokutana na mfuniko. Palipokuwa na nyufa ukapenya, ukapoa, ukaacha jiwe jeupe na ulanga unaometameta, na ndani yake punje nyeusi nzito, ndizo bati. Fedha, alisema, ilikuja baadaye kwa mlango mwingine, imefuatana na madini ya risasi.

Punje za bati alituonyesha. Aliosha mchanga wa kijito kwenye karai, akizungusha mpaka ukabaki ukingo mweusi mwembamba. Akachukua ganda la ndani la betri kuukuu ya redio, akaweka punje juu yake, akadondosha tindikali kidogo aliyoachiwa na kampuni. Ile punje nyeusi ikavaa koti la kijivu linalong'aa. "Hilo ndilo bati," alisema. "Halikuwa limekufa, lilikuwa limejifunika." Fedha hakuweza kutuonyesha. Alichokuwa nacho ni jiwe moja zito la kijivu, aliloliokota kijitoni chini ya mlima, likipasuka linatoa vijisanduku vidogo vyenye pembe. Alilitunza kwenye kopo la kahawa. Kwa jiwe hilo moja aliamini kwamba mlima una fedha, na hiyo imani ndiyo iliyomharibia jina.

Sasa nifike kwenye kampuni ya mwisho. Walipokuja kutafuta bati na fedha kule juu, mahali ambapo gari halifiki, mimi niliajiriwa kupika. Msimamizi akaona orodha yangu ya mahitaji ya jikoni, akasema mwandiko wangu unasomeka, akanitoa kwenye masufuria akanipa mifuko ya sampuli. Niandike namba, nifunge, basi. Mchimbaji wangu alikuwa Bosko, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri.

Mtaro wa saba ndio uliokuwa roho ya Msimamizi. Huko jiwe jeupe liligusana na mwamba wa pembeni, na katikati yao palikuwa na kitu cheusi, laini, kama masizi ya chungu, kinachotia mikono weusi. Mitaro mingine haikuwa nacho. Kabla hajatuelekeza vizuri, simu ikaja kutoka Nyarubungo kwamba kaka yake amefariki. Akafunga mzigo wake. Maneno yake ya mwisho kabla ya kuondoka yalikuwa, "Kateni mfereji wa upana wa kiganja, kutoka ukuta hadi ukuta. Tandikeni turubai chini. Kila kinachoanguka kinaingia mfukoni. Msiniachie kitu."

Tulifanya hivyo. Hatukuacha kitu. Tulipomaliza, Bosko akatazama turubai akasema, "Mama Deusi, hivi ndivyo vinavyokwenda kwa wenye maabara?"

"Ndivyo."

"Vichafu hivi? Watasema watu wa Ngara hawana maji."

Ni aibu kuandika, lakini niliona anasema kweli. Kwetu kikapu kinachotoka nyumbani kwenda kwa watu hakibebi ndizi yenye doa wala kiazi chenye udongo. Ukipeleka kichafu, umewatukana na umejitukana. Na hayo mawe yalikuwa yanakwenda mbali, kwa watu tusiowajua, yakiwa na mwandiko wangu juu yake. Msimamizi alisema tusiache kitu. Hakusema tusioshe. Tukayabeba hadi kijitoni, tukayasugua kwa magunzi ya mahindi, moja moja, mpaka yakawa meupe kama meno. Yale masizi yalikwenda na maji, yakatia weusi kidimbwi kizima. Bosko alicheka akasema, "Tazama uchafu wote huu, na tulitaka kuwapelekea wageni!" Tukayaanika juani, nikayafunga, nikaandika namba kwa mwandiko wangu bora. Mifuko ikashuka kwa wapagazi hadi barabarani, ikaondoka.

Msimamizi aliporudi, tulikuwa mtaro wa nane. Akanikuta natupa tope lililonata kwenye jiwe.

"Mama Deusi, unatupa nini hapo?"

"Tope, Msimamizi. Linachafua mfuko."

"Mfuko umeshonwa ili uchafuke! Hapa ni jikoni? Unajua mali iko wapi, kwenye jiwe au kwenye hilo tope?" Akachukua lile tope kwa mikono miwili akalirudisha mfukoni kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani. "Fedha ikikaa karibu na hewa na mvua inaoza, inageuka kitu kisicho na sura. Haikai inang'aa ikikusubiri. Inakaa kwenye uchafu."

Nikamtazama Bosko. Bosko akatazama nyundo yake. Pale pale ningesema. Mifuko ilikuwa imeondoka siku chache tu, simu zilikuwapo, mtaro ulikuwa wazi, ungekatwa upya. Nilijiambia nitasema jioni. Jioni nikasema kesho.

Kisha ikaja barua ya maabara. Kabla ya matokeo yenyewe, mtu mmoja huko alikuwa ameandika chini kwamba sampuli za mtaro wa saba zimepokelewa zikiwa safi sana. Msimamizi hakuwahi kusifiwa na mtu aliyesoma. Alitukusanya wote mtaroni akaisoma mara mbili. "Sampuli safi sana," alisema. "Mnasikia? Na mimi sikuwapo! Hiyo ndiyo maana ya kufundisha watu." Akanishika mkono mbele ya wote. Nani angeweza kusema baada ya hapo? Labda mtu bora kuliko mimi.

Matokeo yalisema bati lipo kidogo, fedha hakuna. Mjiolojia wa kampuni, kijana mstaarabu, aliwaita wanakijiji akaeleza kwamba mashine ya kuchoronga mwamba haitaletwa. Msimamizi akasimama katikati ya mkutano. Akasema fedha ipo, ipo kwenye yale masizi ya mtaro wa saba, atakata mkono wake kama haipo. Yule kijana akamjibu kwa upole, "Mzee, masizi yamepimwa. Watu wako mwenyewe ndio waliokata. Maabara wamesema sampuli zilikuwa safi." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, nikiyatazama magoti yangu.

Kampuni ikaondoka, na kazi ikaondoka nayo. Bosko akaenda kwenye dhahabu, hajarudi. Na Msimamizi akabaki na jina jipya, Mzee Masizi. Watoto walimwita hivyo njiani. Watu wazima walisema alitaka kampuni ibaki ili aendelee kula mshahara, ndiyo maana akabuni fedha. Wapimaji wengine walipopita kutazama mlima hawakumchukua hata kubeba fimbo, kwa sababu waliambiwa mzee huyu anaona ndoto. Naye, ajabu yake, alitunza ile barua kwenye mfuko wa plastiki, akawasomea wageni. "Sampuli safi sana." Kitu kilichommaliza ndicho alichojivunia, na ni mimi peke yangu niliyejua hivyo, kila aliposoma. Wakati mwingine nilitamani kumnyang'anya niichane. Nilimkasirikia yeye kwa kutokugundua. Hasira ya namna hiyo haina heshima yoyote, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya maharage, nikasikia hali yake si nzuri. Nikaenda. Nilimkuta ameketi nje, amefunikwa blanketi adhuhuri, kikombe cha uji mkononi. Binti yake alikuwa akipepeta mahindi pembeni.

"Shikamoo, Msimamizi."

"Marahaba. Umekuja kunitazama au kuniaga?"

"Nimekuja kusema kitu."

"Sema basi, uji unapoa."

"Mtaro wa saba. Ulipokwenda kuzika Nyarubungo. Yale mawe tuliyaosha."

"Mliosha mawe gani?"

"Yote. Mimi na Bosko. Kijitoni, kwa magunzi."

Akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Kwa sabuni?"

"Hapana, Msimamizi. Maji tu."

"Na masizi?"

"Yalikwenda na maji."

Nilisubiri anilaani. Badala yake alitazama upande wa mlima. "Sampuli safi sana," alisema polepole. Kisha sauti yake ya mtaroni ikarudi, ile niliyokuwa sijaisikia kwa miaka. "Mama Deusi! Miaka yote hii! Nimelala nikijiuliza mlima umenidanganya wapi. Nimeusingizia mlima, na wewe umekaa na habari kama mayai chini ya kuku! Kuosha si kitu, kila mjinga ataosha kama hajaambiwa. Mimi ndiye sikuwaambia. Lakini kunyamaza! Nani alikufundisha kunyamaza? Si mimi!"

Binti yake akaacha kupepeta. Mimi nililia. Akaniambia niache kulia niandike, akaagiza daftari lake. Nikaandika: Sampuli za mtaro wa saba zilioshwa kwa ajili ya heshima.

Akasoma, daftari likiwa karibu na pua. "Futa heshima."

"Lakini ndiyo kweli, Msimamizi."

"Najua ni kweli. Haina uzito. Andika zilioshwa wapi, kwa maji gani, na nani."

Nikaandika hivyo, na jina langu kamili. Akaitoa ile barua kwenye plastiki, akaikunja ndani ya ukurasa huo, akafunga daftari. "Sasa nenda mtaroni kaniletee mfuko mwingine," alisema. "Chukua patasi yangu, na uirudishe."

Nilipanda siku ya pili. Mtaro umejaa nyasi na ukuta mmoja umeanguka, lakini mwisho wake wa juu bado uko wazi. Nilitandika turubai, nikakata upana wa kiganja kutoka ukuta hadi ukuta, jeupe na jeusi, gumu na laini, na mizizi ya nyasi pia. Kila kilichoanguka kiliingia. Mfuko huo ninao nyumbani, umefungwa, una namba. Haujapimwa na mtu yeyote. Sijui kama una fedha. Nimeombwa na wawili watatu niseme ipo, ili jina lake lisafishwe, lakini siwezi kusema nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba masizi hayakupimwa, na kwamba Msimamizi hakubuni kitu. Hilo nimelisema kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa kila aliyekuwa kwenye ule mkutano niliyemkuta hai.

Nilipomletea mfuko, hakuweza tena kukaa nje. Alikuwa kitandani. Nikaufungua kando yake. Hakuutazama, nadhani macho yalikuwa hayamsaidii. Aliingiza mkono ndani hadi kwenye kifundo, akafinyafinya, akapapasa, akachukua muda mrefu kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko wa koti. Mkono ulipotoka ulikuwa mweusi hadi kwenye kucha.

"Haya," alisema. "Hiyo ndiyo."

Binti yake akaingia na uji, na beseni la maji na taulo. Akamshika mkono ili aunawishe kabla hajala. Msimamizi akauvuta, kwa nguvu ambayo hatukujua anayo.

"Usioshe."

Binti akanitazama. Nikamwambia aache beseni hapo chini, anipe kijiko. Nikamlisha mimi, mkono wake mweusi ukiwa juu ya shuka. Alikunywa vijiko vitatu, kisha akalalamika kwamba uji ni mwepesi.